Baada ya Siku Tisini

Siku tisini kwenye kituo alichopelekwa kaka yangu ziligharimu shilingi 180,000. Tulizichanga kwa grupu ya WhatsApp vile watu huchanga za mazishi: mweka hazina, orodha ya majina, tiki ya kijani kando ya kila aliyetuma. Binamu mmoja aliandika "tumwokoe ndugu yetu." Chini yake mwingine akauliza kama pesa zitarudishwa akitoroka.

Kituo chenyewe kilikuwa Kitengela, ukiacha barabara ya Namanga na kuingia ndani kwa vumbi. Nyumba ya kupangisha, ukuta mrefu, geti nyeusi isiyo na jina. Kitengela ina vituo vingi vya kurekebisha waraibu, na sababu unaiona: nyumba kubwa kwa kodi ya chini kuliko Nairobi, matatu hadi usiku, na umbali wa kutosha kutoka kwa marafiki wa chupa. Ila pia ni mji ambao huwezi kutembea dakika mbili bila kupita baa. Mtu akifunguliwa ile geti, kazi ndiyo inaanza.

Mjomba wetu hakutaka tulipe. "Mfungieni kwa nyumba wiki moja, atazoea." Nesi wa kituo aliposikia hayo alitikisa kichwa, akatueleza kwa lugha ambayo hata mjomba, aliyeendesha lori maisha yake yote, angeielewa. Pombe hukanyagia ubongo breki. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujifunza kukanyaga mafuta ili kushindana na hiyo breki. Sasa ondoa pombe ghafla: breki imeisha, mguu bado uko kwenye mafuta. Mtu anatetemeka, anatoa jasho, anaona vitu ambavyo havipo, anaweza kupata degedege na kufa. Ndiyo maana siku za kwanza anapewa dawa na kupunguziwa polepole huku akiangaliwa. Kama una mtu wa hivyo nyumbani, tafadhali usimfungie. Muulize daktari, au piga 1192, laini ya bure ya NACADA, na uulize kituo unachokitaka kama kina leseni.

Lakini dawa haikuwa sehemu ngumu. Sehemu ngumu ilikuwa swali la kaunsela siku ile ya kwanza, akiwa na fomu tu mkononi.

"Mama, alianza kunywa sana lini?"

Mathe akajibu bila kufikiria: "Baada ya ile ajali."

Halafu sote tukanyamaza.

Mwaka wa 2017 kaka alikuwa tanboi wa lori la simiti kutoka Athi River kwenda Namanga. Usiku mmoja, wakiwa wameshapita Isinya, waligongana na lori lingine. Dereva alibanwa kwenye kebini. Kaka alikaa naye, akimwongelesha, mpaka watu wakafika, na kufikia hapo dereva alikuwa amekufa. Kaka alishonwa nyuzi nane kwenye paji la uso, na kesho yake akaruhusiwa kwenda nyumbani. Tukachinja mbuzi kumshukuru Mungu. Kila mwaka, tarehe hiyohiyo, mama alikuwa akipika pilau na kuita majirani waje kuomba.

Hakuna aliyeuliza analala vipi. Alikuwa halali. Alianza na robo chupa ili apate usingizi, na ile robo ikakua. Honi ikipigwa nyuma yake aliruka. Alikasirika kwa vitu vidogo. Kazi za barabara ya Namanga alizikataa zote, na sisi tukasema ni uvivu. Kiswahili kina neno kiwewe, liko kwenye kamusi, lakini kwetu lilikuwa halitumiki. Yaliyotumika ni marafiki wabaya, laana, na kukosa mke.

Wiki ya tano alimwambia kaunsela kwamba kuna siku alitamani asiamke. Mama alipotuambia alinong'ona, na haikuwa aibu tu. Mwaka huo, 2023, kujaribu kujiua bado lilikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226, na mama aliogopa kwamba hata kulitamka neno kungeleta polisi. Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba mnamo Januari 2025. Nilimtumia mama hiyo habari. Alisoma, akanirudishia kidole gumba, kisha akanipigia tukaongea saa nzima.

Kaka alitoka na cheti na kilo sita zaidi. Mwezi wa tatu akanywa tena, siku mbili mfululizo. Grupu ikawaka: pesa zetu zimeenda. Kaunsela hakushtuka. Alisema kurudi nyuma hutokea kwa wengi, na akauliza tu ilikuwa tarehe gani. Mama akahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya pilau.

Mimi nadhani pesa nyingi tunazochanga hutibu koo. Mtu anatolewa pombe, anarudishwa palepale na kile alichokuwa akikizimisha nayo, kisha tunamhesabu kama mkopo usiolipwa.

Sasa anaenda kliniki Kajiado mjini kila Jumatano ya pili. Ni ya serikali, kwa hivyo tunaimudu, lakini kutoka Kitengela lazima upite Isinya. Hapo mwanzo alishuka kabla ya kufika na kurudi kwa mguu hadi apate matatu. Kaunsela akalifanya hilo kuwa sehemu ya matibabu: wiki hii fika Isinya tu, kunywa chai, rudi. Wiki nyingine pita kidogo. Niliandamana naye mara nyingi. Zile chai za Isinya zina sukari balaa.

Mama hapiki tena tarehe ile. Hakuna aliyemwambia, aliacha tu.

Jumatano iliyopita tulikaa kiti cha nyuma ya dereva, yeye dirishani. Tulipopita pale hakufumba macho. Akaniambia jina la yule dereva, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, na kwamba alikuwa akipiga mluzi kila lori likipanda kilima, mluzi mbaya sana, haukuwa na wimbo wowote.