Mgeuze Chali

Mimi nilikuwa mtu wa chupa. Kazi yangu ni ubora wa maji mkoani Tanga: unateka, unaziba, unaweka kwenye barafu, unapeleka maabara. Wadudu wa mtoni niliwaachia wenye muda.

Aliyenigeuza ni buu wa mto Zigi, mto unaoshuka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, na ndio unaolinywesha jiji la Tanga. Ni wa oda ya Trikoptera, familia ya Hydropsychidae. Akikomaa huruka usiku kama nondo mdogo, mabawa yamejaa vinywele. Utotoni hukaa chini ya mawe penye maji ya kasi, anasuka wavu wa hariri, anautega mkondoni na kula kinachonasa.

Siku ya mafunzo ya wadudu wa mtoni nilikung'uta wavu wangu kwenye sinia jeupe nikaandika: Hydropsychidae, wengi. Mzee aliyekuwa akitufundisha akachungulia karatasi yangu.

“Aina ngapi, mwanangu?”

“Si ndio hawa hawa, mzee?”

“Mgeuze chali, halafu uniambie.”

Nikamlaza chali chini ya hadubini, kibano kikinitetemeka. Juu wote ni mamoja: kichwa kigumu, pingili tatu za kifua zimefunikwa mabamba, tumboni mashada ya matamvua, mkiani kulabu mbili. Siri iko chini ya shingo. Nyuma ya bamba la kifua cha kwanza kuna vibamba viwili. Vikiwa vikubwa, vya kuonekana bila kubembeleza taa, huyo ni Hydropsyche, jenasi iliyopewa jina na Pictet mwaka 1834. Vikiwa vidogo mno, kama vumbi, mwelekeo ni Cheumatopsyche, ya Wallengren, 1891. Hapo unakagua pia ukingo wa mbele wa paji, kama una pengo dogo katikati. Sinia langu lilikuwa na wote wawili.

Tofauti hiyo ina uzito. Katika SASS5, kipimo cha mito cha Afrika Kusini ambacho Tanzania ilikifuata ilipounda kipimo chake, TARISS, aina moja ya Hydropsychidae hupata alama 4, mbili 6, zaidi ya mbili 12. Mto ule ule, jiwe lile lile. Asiyegeuza wadudu anaunyima mto alama zake.

Spishi ni habari nyingine. Hutambuliwa zaidi kwa viungo vya uzazi vya dume aliyekomaa, na mabuu mengi ya Afrika bado hayajaunganishwa na wazazi wao. Kwa hiyo anayeniletea jina kamili la spishi kutoka kwa buu wa Zigi namtazama mara mbili. Jenasi inatosha, na ni ya kweli.

Chupa sijaitupa. Lakini chupa inajua saa ile tu ulipoijaza. Mtu akimwaga sumu usiku, asubuhi maji yamepita na majibu yanatoka safi. Buu alikuwepo usiku kucha, na wiki kadhaa kabla yake. Siku hizi naanza na mawe, chupa inafuata.

Nawe unayepima mito, kabla hujaandika “wengi” ukafunga daftari, chukua kibano. Mgeuze chali.