Futi Moja kwa Inchi Moja

Kazi iliyonilisha na kunisomeshea wanangu ni kutengeneza pikipiki za watu, kwanza Kilwa Masoko na sasa hapa kisiwani kwetu, Songo Songo. Pembeni yake imekua kazi nyingine isiyoniingizia fedha ya kutajika, nami naipenda kuliko ile ya kwanza: kuunda pikipiki ndogo za kukaa juu ya kiganja, kila kipimo cha pikipiki kubwa kikiwa kimegawanywa kwa 12. Si vitu vya kuchezea. Weka rula kwenye rimu, kwenye keria, kwenye stendi, hesabu itakubali. Nimeona niandike nilivyofika huko, maana mkono huu ulifundishwa na watu, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Nililelewa na mjomba wangu, fundi wa mashua. Bandani kwake hapakuwa na karatasi hata moja. Mafundi wa vyombo wa pwani hii hawachori. Chombo kizima kinakaa kichwani, kisha kinashushwa kwenye mbao kwa jicho, uzi na vipimo vichache walivyovishika kwa moyo. Mkuku ukishalazwa na urefu wake ukajulikana, mengine yote yanatoka humo: hanamu iegemee kiasi gani, fashini ipande hadi wapi, mataruma yapanuke vipi katikati. Sisi watoto tulikuwa na vyombo vyetu vya kandambili zilizoletwa na mawimbi, mlingoti wa njiti, tanga la mfuko wa plastiki. Mjomba alikuwa akivitazama vikipinduka kwenye vidimbwi maji yakitoka. Ndipo akanikatia kipande cha mti mwepesi, akasema, “Mwanangu, nichongee ngalawa. Ikikaa sawa majini bila kushikwa, utashika tezo yangu.”

Ngalawa ndogo ni ngumu kuliko kubwa. Rengu zikikaa karibu mno, inalala upande. Zikienda mbali mno, haigeuki. Chombo kikubwa kina baharia wa kuhamisha mzigo au kwenda kukaa upande wa upepo. Kidogo hakina mtu ndani. Vipimo vyenyewe ndivyo baharia wake, na kosa dogo kama ukucha linaonekana mara moja. Nilichonga, nikachonga tena, mpaka tezo nikapewa. Baada ya hapo nikajifunza kutoboa kwa keke ili msumari usipasue ubao, kupiga kalafati ya pamba kwenye nyufa, kupaka sifa ili ubao unywe mafuta kabla haujanywa maji. Hiyo ndiyo shule yangu ya ufundi, na yote niliyofanya baadaye kwenye chuma yalianzia kwenye ubao.

Uundaji wa mashua ulipokuwa hauna oda za kutosha, nilivuka kwenda Kilwa Masoko kujifunza umakanika. Pikipiki wakati ule zilikuwa za kuhesabika, nyingi zikiwa Honda na Yamaha za watumishi wa serikali na wa miradi. Fundi aliyenipokea alinianzisha kwenye kuosha kabureta kwa petroli na kunyoosha rimu. Kusuka spoki kulinikaa haraka, kwa sababu gurudumu linafuata sheria ileile ya chombo: huwezi kukaza upande mmoja bila kuutazama wa pili.

Nilirudi Songo Songo wakati wa bomba la gesi. Gesi iligunduliwa hapa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia, lakini kwa miaka mingi sisi wanakijiji tuliiona kwenye maneno tu, hadi ujenzi wa mradi wa Songas ulipoanza na vibarua wakahitajika. Bomba lilitandazwa kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, na mwaka 2004 gesi ya kisiwa hiki ikaanza kuzungusha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Mimi nilibeba, nilichimba, nilishika ncha ya futi pale mtu mwingine alipokuwa anasoma namba. Huko ndiko nilikoona michoro ya kihandisi kwa mara ya kwanza. Pembeni ya kila karatasi paliandikwa moja, nukta mbili, na namba kubwa. Kijana mmoja aliyekuwa akipima alinieleza maana yake kwa uvumilivu mkubwa: sentimita moja hapa ni mita moja kule. Nilimsikiliza nikiwa namfikiria mjomba. Kumbe kile alichokuwa akikifanya kichwani kina jina, kina namba, na kinaweza kukabidhiwa mtu mwingine.

Kisha zikaja bodaboda. Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa Rufiji mwaka 2003, kivuko kikawa historia, lami ikasogea kusini kipande kwa kipande, na pikipiki za China na India zikateremka na njia hiyo hadi Kilwa. Nyingi za China zilikuwa na injini iliyonakiliwa kutoka kwa CG125, ile Honda waliyoitoa 1976: silinda moja, valvu zinasukumwa kwa fimbo badala ya kuendeshwa na cheni ya juu. Waliifanya hivyo kwa makusudi, ivumilie mwenye pikipiki asiyebadilisha oili kwa wakati. Nimeifungua injini hiyo nikiwa chini ya mkorosho, nikiwa juu ya jahazi, nikiwa na tochi mdomoni, na bado naiheshimu.

Ila pikipiki inayotoka dukani haijawa pikipiki ya huku. Inakuja na keria nyembamba isiyobeba hata ndoo mbili. Tunaitoa, tunachomelea nyingine ya nondo, pana, yenye kulabu za madumu pembeni. Mbele tunafunga bampa ya bomba kulinda injini na miguu ya dereva. Madigadi ya nyuma tunairefusha kwa kipande cha mpira. Siti inashonwa upya ibebe abiria na mtoto. Kisha kuna bahari. Hewa ya chumvi inaanzia pale spoki inapoingia kwenye nipo yake, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na spoki inakatika ikiwa bado inang’aa katikati. Kwa wabeba samaki ni zaidi: maji ya chumvi na barafu yanachuruzika kutoka kwenye tenga, yanadondokea eksozi na cheni. Kwa hiyo nachomelea bati chini ya keria, limeinama kidogo, maji yamwagike nyuma ya tairi. Hakuna kiwanda kilichobuni bati hilo. Limebuniwa na mafundi wa pwani, kila mmoja kwa namna yake, na ukiniletea pikipiki ya mchuuzi wa samaki nitatambua kama keria yake imechomelewa Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mpwa wangu aliporudi likizo kutoka Muscat na sanduku la karatasi lenye picha ya pikipiki juu yake.

“Mjomba, nimekuletea kazi,” akasema. “Hii unaiunda mwenyewe.”

Ndani mlikuwa na fremu za plastiki zenye mamia ya vipande vilivyoning’inia, mpira wa matairi, na karatasi ya maelekezo kwa michoro. Ilikuwa Honda CB750F ya Tamiya, kipimo cha 1 kwa 12. Tamiya ni kampuni ya Shizuoka, Japani, iliyoanza 1946 kwa kupasua na kuuza mbao. Wakaanza kuunda mifano ya mbao 1948, na ule wa plastiki wa kwanza, meli ya kivita Yamato, wakautoa 1960. Nilipokuja kuijua habari hiyo nilifurahi sana. Watu wa mbao, nao walipitia njia hiyohiyo.

Na kipimo chenyewe! Moja kwa 12 maana yake futi moja imekuwa inchi moja. Fundi wa mashua aliyezoea futi na inchi hahitaji kikokotoo. Tairi la nyuma la bodaboda lenye upana wa inchi 3 ni robo futi, basi kwenye mfano ni robo inchi.

Niliiunda kwanza kama karatasi ilivyoagiza, kwa wembe, msasa na gundi, usiku umeme ukiwepo. Nilijifunza kukata kipande bila kuacha kovu, kukijaribisha kikavu kabla ya gundi, kupaka rangi vipande vikiwa bado kwenye fremu. Ilitoka vizuri. Lakini kila aliyeiona aliuliza ni ya nani, maana pikipiki ya silinda nne hakuna anayeipanda hapa. Ndipo nikaamua kuibomoa na kuigeuza bodaboda ya mchuuzi wa samaki wa Kilwa.

Injini ilinipa furaha kubwa kuliko sehemu zote. Silinda ya CB750F ina kipenyo cha milimita 62. Ya CG125 ni 56.5. Ukigawanya kwa 12, tofauti haifiki nusu milimita. Kwa hiyo nilikata silinda moja kati ya zile nne, nikaipunguza kwa msasa, mapezi yake ya kupoza yakabaki. Kichwa cha silinda nilikitengeneza upya kwa plastiki ya kalamu ya wino, nikaonyesha pembeni njia ya fimbo za valvu, kwa sababu hapo ndipo fundi atakapotazama kwanza.

Magurudumu ya sanduku yalikuwa ya mabamba, si ya spoki. Nikayaweka kando. Rimu ya inchi 18 kwenye kipimo hiki ni milimita 38, nami nilikata pete kwenye bomba la plastiki la maji, nikaisaga hadi ikafika. Tairi ni mpira wa tyubu uliozungushwa na kukatwa. Spoki halisi ina unene unaozidi kidogo milimita tatu na nusu, gawanya kwa 12, unapata 0.3. Wavuvi wanaujua unene huo: ni mshipi. Nikatoboa matundu 36 kwa sindano iliyopashwa moto, nikasuka mshipi kwa mpishano uleule ninaousuka kwenye gurudumu kubwa, nikakaza kidogokidogo huku nikizungusha. Lilipotulia bila kuyumba nilimwita mke wangu aje aone.

Vitu vyembamba, vifimbo vya breki na vishikio vya saitimira, nilivipata kwa kupasha masalio ya fremu juu ya mshumaa na kuyavuta. Plastiki inanyooka kuwa uzi na inaganda hapohapo. Nyaya za klachi na breki ni nyuzi za shaba kutoka waya wa simu. Cheni ilinichosha. Pini za cheni ya 428 zimeachana milimita 12.7, ikipunguzwa inabaki milimita moja na ushei, nami macho yangu si ya ujana. Niliichonga kwenye ukanda mmoja wa plastiki, pingili kwa pingili. Keria niliifanya ya waya, kulabu zipo, na bati la maji ya samaki lipo chini yake, limeinama kama inavyotakiwa. Kutu niliipaka kutu yenyewe: nilikwangua misumari ya mashua iliyotolewa, nikaisaga, nikaichanganya na rangi, nikaiweka kwenye nipo za spoki na chini ya eksozi, si mahali pengine. Anayepaka kutu kila mahali hajawahi kuiona pikipiki ya pwani.

Vijana wa kijiweni walipoiona hawakuuliza tena ni ya nani. Walianza kubishana. Mmoja alisema bampa hiyo ni ya mtindo wa zamani, siku hizi inapinda chini zaidi. Alikuwa sahihi, nikaibadilisha. Tangu hapo naunda kwa kuagizwa na kwa kutoagizwa: ya mpakia mwani mwenye magunia mabichi, ya fundi mwenzangu aliyefariki yenye siti aliyoishona mwenyewe, ya mwalimu iliyofungwa kikapu mbele.

Kuna anayesema ni kupoteza muda, pikipiki zenyewe si zimejaa barabarani? Zimejaa leo. Mtepe nao ulijaa pwani hii, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na leo anayetaka kuujua anakwenda kutazama mifano yake katika makumbusho ya Lamu. Kwenye plasta ya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuna watu waliochora vyombo kwa ncha ya kitu kikali, milingoti na matanga, karne nyingi zilizopita. Dar es Salaam pikipiki za umeme zimeshaanza kupita, hazina silinda wala eksozi. Zitafika huku, na mafundi wa wakati huo watakuwa na keria zao. Hizi zetu, na akili iliyomo ndani yake, nataka zibaki mahali zinapoweza kupimwa kwa rula.

Sasa hivi nina mkuku mezani. Mashua ya futi 24 kwa kipimo changu inakuwa ya inchi 24, na ndani yake nitailaza bodaboda moja, kama zinavyovushwa kutoka Masoko: imeegemezwa ubavuni, kamba mbili kwenye fremu na moja kwenye gurudumu la mbele, mfuniko wa tenki umezibwa kwa kipande cha nailoni. Mataruma ninayachonga kwa tezo ya mjomba, niliyoikata mpini ili iingie kwenye kazi ndogo. Nimefikia la saba upande wa kulia. Mjukuu wangu ameshapewa kipande chake cha mti mwepesi, naye anadai rengu zake ziko sawa. Maji yakijaa jioni tutakwenda kuzitia majini tuone.