Ndagoni: Ua la kugawana halipotei

Mgeni wa Mafia asiyepanda ndege huanza safari yake Nyamisati, karibu na delta ya Rufiji. Hapo hupanda chombo, huvuka bahari hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya, kisha hushika njia ya kwenda Ndagoni, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Njiani ni minazi kulia na minazi kushoto. Mbele kabisa, nchi inapokwisha, ndipo Rasi Kisimani.

Wengi wanaofika Ndagoni hufuata magofu ya Kisimani Mafia, mji wa kale wa Waislamu wa pwani uliokuwa na uhusiano wa karibu na Kilwa. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliuchimba, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1961. Leo mgeni hakuti mengi ya kutazama. Bahari imekula sehemu kubwa ya mji, nyumba baada ya nyumba, na maji yakitoka huacha vigae mchangani.

Watu huenda Kisimani kuangalia kilichopotea. Lakini asiye na haraka, akirudi kijijini, huona pia namna watu wa pwani wanavyozuia kitu kisipotee. Jambo hilo hufanyika nyuma ya nyumba, chini ya minazi, nalo ni kazi ya akina mama: kupanda maua ya harufu na kuyazidisha.

Katika nchi za baridi kama Uingereza, wapenda bustani hupanda maua adimu chini ya miti mirefu. Miti hiyo huyakinga na upepo na baridi kali, na majani yanayopukutika huoza yakawa mbolea. Bustani ya kivulini ipo pwani yetu pia, ila adui zake ni wengine: jua la mchana, upepo wenye chumvi, na mchanga usioshika maji. Mnazi hapa ndio mwavuli. Hauzuii jua lote, hulichuja tu. Makumbi ya nazi yakirundikwa kwenye shina la ua hutunza unyevu, na kifuu kilichotobolewa chini huwa chungu cha kuoteshea mche.

Kati ya mimea ya bustani hizo za pwani, wa ajabu kuliko yote ni mkilua. Kwa asili ni mti mdogo wa msituni, unaoishi chini ya miti mikubwa katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ni wa ukoo mmoja na mtopetope, mstafeli na mlangilangi. Ua lake, kilua, halina rangi ya kumvuta mpita njia. Kinachomsimamisha ni harufu. Wanawake wa pwani waliutoa mti huu msituni wakaupanda nyumbani, na kilua kikaingia kwenye vikuba na nywele za maharusi.

Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, wa bustani ya Kew kule London, aliuandika mti huo katika vitabu vya sayansi. Jina la kisayansi alilolipa jenasi yake ni lile lile wanalolitumia wenyeji: Mkilua. Mimea mingi ya Afrika imebeba majina ya Wazungu walioichuma. Huu umebeba neno la Kiswahili, na kila mtaalamu duniani anayeutaja hana budi kulitamka.

Sasa, mmea wa namna hii huzidishwaje? Mkilua hautaki haraka. Mbegu hupandwa zikiwa mbichi, maana mbegu nyingi za miti ya msituni zikikauka hufa. Mwenye subira zaidi huinamisha tawi la chini, hukwaruza gome kidogo kwa kisu, hulifukia udongo na kuliwekea jiwe. Miezi ikipita na mizizi ikishika, hulikata kutoka kwa mama yake.

Asumini ni rahisi zaidi. Hukatwa kijiti cha shubiri moja, kisicho kichanga sana wala kikavu. Majani ya chini huondolewa, na vifundo viwili hufukiwa ardhini, mahali pa kivuli. Wakati mzuri ni masika, mvua inapofanya kazi ya kumwagilia. Asumini ya nyumbani kwa kawaida haizai mbegu. Maana yake ni kwamba kila asumini inayonukia uani ni kipande cha asumini ya mtu mwingine, naye alikipata kwa mwingine, na huyo kwa mwingine tena.

Mkadi nao una siri yake. Miti hii ina dume na jike, na ua la kadi linalotiwa nguoni na kitandani hutoka kwa dume. Mbegu haimwambii mtu kama itatoa dume au jike. Atajua baada ya miaka. Kwa hiyo anayetaka harufu hapandi mbegu. Huenda kwa mwenye mkadi unaojulikana, huomba chipukizi la shinani, hupunguza majani yake nusu ili lisinyauke, kisha hulipanda penye mchanga wenye unyevu.

Hapa ndipo ilipo adabu ya jambo lenyewe. Mmea wa aina hii haununuliwi dukani, na kuukata bila ruhusa ni wizi. Sharti mtu apige hodi. Atasema, "Shikamoo bibi," na baada ya "Marahaba, mwanangu," ataulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa. Ndipo aseme amekuja kuomba kijiti. Mara nyingi huondoka na kijiti, maelezo ya namna ya kukitunza, na embe mbili za watoto.

Wapo wanaoona haya ni mambo ya wazee. Manukato ya chupa yapo madukani, na msichana anayeolewa anaweza kumaliza shughuli yake bila kugusa kilua. Wakati huo huo misitu ya pwani, ambako mkilua ulitoka, inakatwa kwa ajili ya mashamba na mkaa. Mti ukiisha msituni, na bibi mwenye mti uani akafariki kabla hajaombwa kijiti, hakuna duka la kuurudisha.

Mkoa wa Tanga una mfano wake. Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire alichukua ua dogo la zambarau kutoka misitu ya Usambara na kulipeleka kwao Ujerumani. Ua hilo huota kwa jani moja tu likichomekwa kwenye udongo mchanga. Jani kwa jani, mkono kwa mkono, leo liko madirishani mwa mamilioni ya nyumba katika nchi za baridi. Usambara kwenyewe, baadhi ya jamaa zake za mwituni zimo hatarini kwa sababu ya kukatwa misitu. Kilichogawanywa kimeenea, kilichoachwa mahali pamoja kinatetereka.

Watu wa Mafia wanalijua hilo kwa upande wao. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi kisiwani kwao. Upepo wa namna hiyo haubagui mti wa thamani na magugu. Aliyekuwa na mkilua mmoja, akaung'ang'ania peke yake, upepo ukiung'oa hana tena. Aliyempa jirani kijiti miaka mitatu iliyopita atapiga hodi kwa jirani, naye atarudishiwa kilicho chake.

Kule Rasi Kisimani mawimbi yanaendelea na kazi yao, na mji wa mawe hauna kipandikizi. Ua lina. Mwenye mama au bibi aliye na mti wa harufu uani asingoje msiba ndipo aulizie. Masika yakikaribia, na apige hodi.