Nani Anakuchagulia Daktari Bingwa?

Wasee, swali moja tu. Ukihitaji daktari bingwa, nani huamua ni yupi? Kwetu ni jirani. Ama shangazi. Ama video ya TikTok.

Mwaka jana mathe alikuwa anaumwa na kichwa, macho yanaona ukungu. Jirani akasema ni macho, tukaenda kwa wa macho. Shangazi akasema ni sinasi, tukaenda kwa wa pua na masikio. Kila mlango ni doh, na kila daktari anaanza upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Wa tatu ndiye alimpima presha. Presha, manze! Kitu zahanati ya mtaa inapima kwa dakika chache.

Uingereza hujipeleki tu kwa bingwa wa moyo. Kwa kawaida unapitia daktari wa familia, yule anayekujua, na ndiye anakuandikia barua ya rufaa. Kuanzia 1991 baadhi yao hata walipewa bajeti, wakawa wananunua huduma za hospitali kwa niaba ya wagonjwa wao. Hospitali ikichelewesha watu, wangeweza kupeleka pesa kwingine. Lakini kukawa na malalamiko kwamba wagonjwa wa madaktari wenye bajeti wanaruka foleni, na mpango ukafutwa 1999. Ukarudi 2013 kwa sura nyingine, vikundi zaidi ya 200 vikiongozwa na madaktari. Navyo vikavunjwa 2022. Kwa hivyo sikuuzii miujiza hapa.

Sisi je? SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, pesa ziligawanywa: mfuko wa huduma za msingi kwa zahanati na vituo vya afya, na SHIF, ile ya 2.75% ya mapato, kwa hospitali kubwa. Kwenye karatasi unaanzia chini. Shida ni kwamba huyo wa chini, ambaye mara nyingi ni nesi ama afisa wa kliniki, anaandika rufaa halafu mnaachana hapo. Hajui kama ulifika. Hajui uliambiwa nini.

Mimi singempa begi lote la pesa. Daktari anayeokoa bajeti kila akikunyima rufaa ananitisha, hata akiwa mtu mpole aje. Ila ningempa usemi: bingwa asilipwe na SHA mpaka awe ametuma majibu kwa yule wa zahanati aliyemtuma mgonjwa.