Maji yanayotembea ndani ya mawe ya Kakontwe

Juma hili hatuendi mbali. Tunaenda Kakontwe, hapa hapa kwetu Likasi. Wengi wetu tunaijua Kakontwe kwa sababu ya chokaa: mawe yanavunjwa, yanachomwa katika tanuru, na chokaa yake inatumika viwandani wakati wa kutengeneza shaba. Lakini jina la Kakontwe limesafiri kuliko sisi wenyewe. Wenye kusoma habari za mawe waliupa mwamba wote wa namna hii jina la pahali petu, na leo ukienda Kipushi, ama ukivuka mpaka mpaka pande za Mpongwe katika Zambia, mwamba wa chokaa wa kule nao unaitwa Kakontwe. Ni mwamba wa zamani sana, wa zaidi ya miaka milioni 600. Ulitandikwa chini ya bahari, kidogo kidogo, na sisi tunapandia juu yake mihogo na mahindi.

Mwamba huu unaliwa na mvua. Matone yanapopita hewani na katika udongo wenye majani yaliyooza, yanakuwa na ukali kidogo, kama ndimu iliyotiwa maji mengi. Watoto wanaweza kuona jambo hili nyumbani: saga jiwe jeupe la chokaa, dondoshea siki, tazama povu. Mvua inafanya vile vile kwa miaka elfu na elfu. Ufa mdogo unakuwa njia, njia inakuwa pango. Kule Mpongwe dari ya pango moja ilianguka na kuacha ziwa Kashiba, lenye kina cha karibu mita 100. Na Kipushi wachimbaji walipaswa kupiga pompi mchana na usiku juu ya maji ya mwamba huu. Mwaka 2011 pompi kubwa iliharibika, maji yakafunika mgodi.

Basi mwamba wa chokaa ni kama mtungi. Unajaa wakati wa mvua, toka Novemba mpaka Machi, halafu unatoa polepole. Ndiyo maana katika Agosti, vijito vingi vinapobaki mchanga, chemchemi inayotoka katika chokaa inaendelea. Maji yake ni meupe kwa sababu hayabebi tope, jua linafika chini, na majani ya ndani ya maji yanakaa ya kijani. Baridi yake haibadiliki sana: asubuhi ya Juni, mikono ikiwa imekufa ganzi, maji hayo utayaona ya uvuguvugu. Konokono wanapenda pahali hapo, maana nyumba zao wanazijenga kwa chokaa.

Uingereza wana mito ya ndugu wa mwamba huu, chokaa laini ile ya kuandikia ubaoni, kama mto Test na mto Itchen. Wanaisifu sana na wanailinda. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Chokaa yao ina vitundu vidogo sana, na maji mengi yanakaa humo muda mrefu. Yetu ni ngumu, na maji yanakimbia katika nyufa. Kinachoingia shimoni juu kinaweza kutokea kisimani chini kwa siku chache tu, bila kuchujwa.

Hapo tunapenda tusimame kidogo. Tunajua maji ya chokaa kwa sabuni isiyotoa povu na kwa utando mweupe katika sufuria ya chai. Utando huo si ugonjwa. Hatari ni ile isiyoonekana. Shimo linalomeza maji ya mvua nyuma ya nyumba, watu wengi wanaliona zuri kwa kutupia takataka, ama kuchimba choo kando yake, kwa sababu halijai hata siku moja. Halijai kwa sababu linapeleka mbele, kwa jirani. Na kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi shaba wala kobalti.

Juu ya metali hizo, chokaa inatusaidia, ingawa si bure. Maji makali ya viwanda yanapokutana na maji ya chokaa, ukali unapungua, na sehemu kubwa ya shaba inaganda na kushuka katika tope. Hata samaki anapata nafuu, kwa sababu chokaa inazuia shaba isiingie kwa urahisi katika matamvua yake. Lakini kilichoshuka hakijaondoka. Kiko katika tope, na mvua kubwa ya Januari inakikoroga tena.

Maji hayo yanafuata mto Panda, yanaingia Lufira, yanafika ziwa Tshangalele lililotokea kwa ajili ya mtambo wa umeme wa Mwadingusha, ulioanza kazi mwaka 1930. Katika ziwa mwendo unapungua, na tope linalala. Kambale anatafuta chakula chake katika tope hilo hilo. Kwa hiyo tunaponunua samaki wa Kapolowe, tutoe matumbo, ini na matamvua vizuri, maana metali hukusanyika humo kuliko katika nyama. Mama anayeuza hatakasirika. Naye anajua maji yale yanatoka wapi.