Kabla ya Kulaumu Masikio ya Babu

Mzee mmoja wa Tanga alipolalamika kuwa santuri zake za Jamhuri Jazz zinakwaruza na sauti imefifia, wanawe walimjibu, "Baba, masikio yamezeeka." Akanyamaza, akaacha kuzipiga.

Mjukuu wa miaka 10 ndiye aliyeinama akaona vumbi limeganda kwenye ncha ya sindano. Wakaipangusa kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele. Sauti ikapanda, lakini mkwaruzo ukabaki: sindano ilikuwa imelika. Ilipobadilishwa, mwimbaji akasikika wazi.

Sindano iliyochakaa hukwangua mistari ya santuri, nayo ikishaharibika haitengenezeki.

Mzazi akisema hasikii vizuri, kagua chombo kwanza. Huenda masikio yake yamegundua kasoro kabla ya yako.