Ndagala wa Uvira na bwawa la Nyakabere



Sokoni Uvira, bei ya ndagala inafuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wanatoka na taa, ndagala wanafuata mwanga, na asubuhi fungu ni kubwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti kitu, na kwa pesa ileile tunapata fungu dogo.

Hilo la mwezi tumelizoea. Lingine ni zito zaidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa letu limepata joto na pepo zimelegea, kwa hiyo rutuba iliyolala chini haipandi juu kulisha samaki kama zamani. Ongeza nyavu za matundu madogo zinazozoa hata vitoto. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Ziwa linahitaji kupumzika, lakini watoto wanakula kila siku.

Ndiyo maana kwetu Nyakabere swali linazunguka: tuchimbe bwawa la samaki?

Dunia imekwisha kujibu. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, samaki na wanyama wengine wa majini waliofugwa waliwapita waliovuliwa: tani milioni 94, ndivyo shirika la FAO lilivyohesabu. China inaongoza, katika Afrika ni Misri.

Na nchi yetu haikukosa vitu. Toka Uvira kwa barabara ya Bukavu, pita Kavimvira, endelea kuelekea Runingu na Sange. Milima iko kushoto, mito inashuka kutoka huko, na tambarare ya Ruzizi ina mpunga, mihogo na ng'ombe. Pumba, majani na samadi vyote ni chakula cha bwawa.

Hata hivyo tusikimbilie jembe. Katika miaka ya 1950 Kongo ilichimba mabwawa kwa makumi ya maelfu; mengi yaliachwa yakajaa nyasi. Kenya nayo, kuanzia 2009, ilichimbia wakulima mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, na msaada ulipopungua mengi yakakauka. Shimo lilikuwepo, ila mlishaji hakuwepo. Bwawa ni kama zizi: mbuzi asipopewa majani anakonda, na samaki vilevile.

Kwa bwawa la mita 10 kwa 10, vifaranga 200 vya tilapia vinatosha. Samadi inawekwa pembeni ndani ya uzio wa miti hadi maji yawe kijani. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko: kama bado unaona vidole, maji hayajashiba. Pumba au mchwa tunatupa kila siku, mahali pamoja na saa moja, ili tuone kama samaki wanakula. Baada ya miezi sita hivi tunavua. Tukichelewa, tilapia wanazaana mpaka wanabanana, na tunabaki na vidogo vingi visivyouzika.

Mahali nako kuna maneno. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu mjini Uvira, na ziwa lenyewe likapanda likameza nyumba za ufukweni. Bwawa lisikae kwenye njia ya mto wala karibu na ziwa. Liwe na udongo wa mfinyanzi, uzio kwa ajili ya watoto, na kingo zisizo na nyasi, maana mbu wanapenda nyasi za majini.

Na ndagala tusimwache. Analiwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo inajenga mifupa ya mtoto. Tilapia atakaa kando yake kwenye bugali na sombe.

Kwa hiyo kila kikundi, kabla ya kuchimba, kijibu haya matatu: nani atalisha siku ya Jumapili? Nani atalisha wakati wa kuvuna mpunga? Na pesa ya mavuno ya kwanza itashikwa na nani? Majibu yakiwa na majina ya watu, tuchukue majembe.